Kiyoyozi cha Gari Kisichopoza: Kutafuta Kasoro kwa Dalili Zake

Kiyoyozi cha gari kinapoacha kupoza, ushauri unaotangulia kutolewa, gerejini na hata kwa majirani, ni kwenda kujaza gesi. Mwenye gari hulipa, hupata nafuu ya wiki kadhaa au miezi michache, kisha joto hurudi naye hulipa tena. Gesi ya kiyoyozi haiungui wala haiishi kwa kutumika kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ingawa mipira ya mfumo huo hupenyeza kiasi kidogo sana kwa mwaka, gesi iliyopungua ndani ya muda mfupi hadi ubaridi ukaathirika imetoka kwenye tundu ambalo bado lipo. Anayejaza bila kulitafuta tundu hilo hajatengeneza chochote.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili anayoiona dereva, kisha unashuka kutoka kwenye sababu zinazotokea mara nyingi hadi zile za nadra, na gesi inaguswa mwishoni. Maelezo yanahusu hasa magari madogo ya Kijapani yanayoingia yakiwa yametumika kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kama vile Toyota Vitz, IST, Premio na Probox, Nissan Note na Mazda Demio. Mengi kati ya hayo hutumia gesi ya R134a. Magari mapya zaidi, na yale yote mapya yaliyouzwa Umoja wa Ulaya tangu 2017, hutumia gesi nyingine, kwa kawaida R1234yf, ambayo inaweza kuwaka moto na ina vifaa vyake. Hizo mbili hazichanganywi. Aina ya gesi na kiasi chake kwa gramu vimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo chini ya boneti. Kibandiko cha gari la Japani kina maandishi ya Kijapani, lakini tarakimu na herufi HFC134a, yaani R134a hiyohiyo, zinasomeka na mtu yeyote.

Namna ubaridi unavyopatikana

Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huisukuma gesi kwa shinikizo kubwa hadi kwenye kondensa, ile sahani yenye mapezi membamba iliyo mbele ya rejeta. Hapo gesi hutoa joto na kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupita kwenye kikaushio kinachonyonya unyevu, kisha hubanwa kwenye tundu dogo la valvu ya upanuzi na kuingia kwenye evaporeta, iliyofichwa ndani ya dashibodi. Shinikizo likishuka ghafla, kimiminika hugeuka mvuke na kunyang'anya joto la hewa inayopulizwa na feni ya ndani, halafu mvuke hurudi kwenye kompresa. Paipu nyembamba hubeba shinikizo kubwa, na paipu nene hubeba shinikizo dogo na ndiyo inayokuwa baridi. Anayekumbuka mzunguko huu ataelewa kwa nini filta iliyoziba ndani ya gari na feni iliyokufa mbele ya rejeta huleta malalamiko yaleyale ya gari kutopoa, ingawa tiba zake hazifanani hata kidogo.

Tahadhari kabla ya kuanza

R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikirukia ngozi huigandisha papo hapo, na ikirukia jicho inaweza kulipofusha. Miwani ya kinga na glavu huvaliwa kila mara geji, yaani vipimo vya shinikizo la gesi, zinapounganishwa au kuondolewa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, kwa hiyo kazi isifanyike ndani ya shimo la gereji wala katika chumba kilichofungwa. Usivute sigara wala kuchomelea karibu, kwa kuwa moto huivunja ikawa hewa ya sumu kali. Usifungue paipu yoyote ya mfumo wenye shinikizo, hata kama unaamini gesi imekwisha. Feni ya rejeta inaweza kuanza kuzunguka yenyewe injini ikiwa imezimwa. Vidole na nguo ndefu vikae mbali.

Magari ya mahuluti, yaani yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme, kama Toyota Aqua na Prius, yamewekewa sehemu yake mwishoni. Mwenye gari la namna hiyo aisome kabla ya kushika spana.

Dalili ya kwanza: hewa inatoka kidogo, au haitoki kabisa

Sababu inayoongoza ni filta ya AC iliyoziba. Katika Toyota nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, na hutolewa kwa mikono bila kifaa chochote. Gari linalopita barabara za vumbi hujaza filta hiyo mapema zaidi kuliko ratiba ya kitabu inavyosema, na si ajabu kukuta majani, manyoya na mabaki ya kiota cha panya. Endesha feni kwa muda mfupi filta ikiwa imetolewa. Hewa ikirudi kwa nguvu, umepata jibu. Filta ya karatasi haioshwi. Hubadilishwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya kujaza gesi mara moja.

Feni ikifanya kazi kwenye kasi ya juu peke yake na kufa kwenye kasi nyingine zote, chunguza resista ya feni. Kipande hicho kidogo kimefungwa kwa skrubu chache karibu na mota, na soketi yake mara nyingi huwa imeungua na kubadilika rangi. Magari yenye kidhibiti joto cha kujiendesha hutumia transista badala ya resista, na dalili zake hutofautiana. Feni isiyozunguka kabisa huchunguzwa kuanzia kwenye fyuzi, kisha rilei, kisha mota yenyewe: ikiwa inaamka unapoigonga polepole kwa mpini wa bisibisi, brashi zake zimelika na siku zake zimehesabika. Fyuzi inayoungua tena mara tu baada ya kubadilishwa inaonyesha kuna hitilafu inayovuta umeme kupita kiasi. Usiweke kubwa zaidi wala waya mahali pake, kwani hivyo ndivyo magari yanavyowaka moto.

Hewa inayoanza kwa nguvu kisha kupungua polepole safarini ni jambo jingine, nalo limeelezwa katika dalili ya nne.

Dalili ya pili: hewa ni nyingi lakini ni ya joto tangu mwanzo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nenda polepole. Washa injini, weka feni kasi ya kati, weka joto la chini kabisa na ubonyeze kitufe cha AC. Kitufe hicho hakifanyi kazi feni ikiwa imezimwa, jambo ambalo husahaulika mara nyingi. Kisha fungua boneti uitazame kompresa. Puli yake huzunguka muda wote injini inapounguruma. Kinachotakiwa kuonekana ni sahani ya mbele, yaani ya klachi, ikinasa kwa mlio mfupi na kuzunguka pamoja na puli. Baadhi ya magari mapya yana kompresa isiyo na klachi, ambayo hudhibitiwa na valvu ya umeme, na hayo hayapimwi kwa macho.

Sahani isiponasa, anza na fyuzi ya AC. Kisha badilishana rilei yake na nyingine ya namba ileile ndani ya kisanduku hichohicho, kwa mfano ya honi ikiwa inalingana, uone kama klachi itaamka. Baada ya hapo pima umeme kwa multimita kwenye soketi ya klachi. Ukikuta volti 12 au zaidi na klachi haijanasa, koili, yaani sumaku ya umeme inayoivuta sahani, imekatika, au sahani imelika hadi nafasi kati yake na puli imekuwa pana mno. Koili nzima huonyesha ukinzani wa omu chache, kwa kawaida kati ya 3 na 5. Multimita ikionyesha njia imekatika, koili imekufa.

Usipokuta umeme kwenye soketi, mfumo wenyewe umeizuia kompresa, na mara nyingi kwa sababu ya haki. Swichi ya shinikizo hukata umeme gesi inaposhuka mno, kwa Toyota nyingi karibu na psi 28 (psi ni kizio cha kupimia shinikizo), na hukata tena shinikizo linapopanda kupita kiasi. Katika hatua hii baadhi ya watu huunganisha nyaya mbili za swichi ili kuilazimisha kompresa izunguke. Usifanye hivyo hata kwa dakika moja. Oili inayolainisha kompresa husafirishwa na gesi. Pasipo gesi oili hairudi, na kompresa hujisaga yenyewe na kutapika vumbi la chuma katika mfumo mzima. Kosa la kuunganisha nyaya hugeuza kazi ya sili moja kuwa kazi ya kompresa, kondensa, kikaushio na valvu kwa pamoja.

Njia salama ya kujua kama gesi ipo ni kuunganisha geji injini ikiwa imezimwa na imepoa. Pande zote mbili zitasoma sawa, na usomaji utategemea joto la hewa: kwenye nyuzi 25 R134a husoma takriban psi 82, na kwenye nyuzi 30 takriban psi 97. Usomaji ulio chini sana ya hapo una maana kwamba hakuna tone la kimiminika lililosalia, yaani mfumo umevuja karibu wote. Usomaji unaolingana unathibitisha tu kwamba kimiminika kipo. Hauonyeshi ni kiasi gani, kwa sababu gramu 100 na gramu 400 husoma namba ileile mfumo unapokuwa umetulia. Wanaojaza kwa kutazama geji gari likiwa limezimwa wanapaswa kulielewa jambo hili.

Klachi ikinasa vizuri na hewa bado ni ya joto, shika paipu nene inayorudi kwenye kompresa, ukiepuka feni, mkanda na ile paipu nyembamba, ambayo huweza kuunguza. Paipu nene ikiwa baridi na inatoka jasho, ubaridi unatengenezwa lakini hauwafikii abiria. Kasoro basi iko kwenye mlango mdogo ndani ya dashibodi unaochanganya hewa baridi na ya hita. Sikiliza tiktik nyuma ya dashibodi unapogeuza kidhibiti joto. Mota ndogo ya plastiki iliyovunjika meno hulia hivyo. Kuibadilisha kunawezekana nyumbani ikiwa inafikika kutoka chini, lakini ikihitaji dashibodi nzima kushushwa, mwachie fundi, kwani humo mna mifuko ya hewa ya usalama na soketi zake za njano hazichezewi.

Dalili ya tatu: gari linapoza likitembea, linaacha kwenye foleni

Malalamiko haya husikika zaidi Dar es Salaam na Mombasa, ambako joto la mchana na foleni ndefu hukutana. Gari likitembea, upepo huipoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni pekee. Kwa hiyo anza na feni: katika magari mengi angalau feni moja ya mbele inapaswa kuzunguka muda mfupi baada ya AC kuwashwa. Isipozunguka, fuata mlolongo uleule wa fyuzi, rilei, soketi na mota. Feni inayozunguka kwa uvivu huwa imechoka, na hudanganya wengi kwa sababu inaonekana kufanya kazi.

Feni ikiwa nzima, tazama uso wa kondensa kwa tochi. Tope, wadudu na mifuko ya plastiki hujibana kati yake na rejeta, mahali pasipoonekana kutoka mbele. Osha kwa maji ya bomba yenye nguvu ndogo, injini ikiwa imepoa, ukielekeza maji moja kwa moja na si kwa mshazari. Mashine za kuoshea magari zenye shinikizo kubwa hulaza mapezi ya kondensa kama nyasi, na kuyainua tena ni kazi ya kuchosha. Kwa magari ya Tanga, Zanzibar na pwani yote, chumvi hula mapezi hadi yakadondoka kama unga. Kondensa iliyofika hapo haioshwi tena, hubadilishwa.

Kuna jaribio moja la bure linalonipendeza kwa uwazi wake. Gari likiwa limesimama, AC imewaka na hewa imeanza kupata joto, mwagia kondensa maji polepole kutoka mbele. Ubaridi ukirudi ndani ya dakika moja au mbili, tatizo ni la kutoa joto, yaani feni, uchafu au gesi iliyojazwa kupita kiasi. Usiporudi, mshukiwa ni kompresa iliyochoka, ambayo injini inapozunguka taratibu haiwezi tena kujenga shinikizo.

Mshale wa joto la injini ukipanda AC inapowashwa, zima AC mara moja. Tatizo hilo ni la upozaji wa injini, na kuendelea kuendesha kunaweza kuharibu gasketi ya silinda hedi.

Dalili ya nne: ubaridi ni mzuri mwanzoni, kisha unapotea

Zima AC lakini acha feni ikivuma kwa dakika 10 hadi 15. Hewa ikirudi na maji mengi yakadondoka chini ya gari, evaporeta ilikuwa imeganda barafu na kuziba. Sababu zake kwa utaratibu wa kutokea ni filta chafu inayopunguza hewa, gesi iliyopungua kidogo, na kihisi joto cha evaporeta kilichokufa au kuchomoka mahali pake. Sababu ya pili huwashangaza wengi. Gesi ikipungua kidogo, shinikizo ndani ya evaporeta hushuka, nalo joto la sehemu ile ambayo bado inapata kimiminika hushuka chini ya nyuzi sifuri, hata unyevu wa hewa ukagandia hapo.

Ubaridi ukikatika na kurudi wenyewe mara kwa mara, wakati hewa inatoka kwa nguvu ileile, fikiria unyevu ndani ya mfumo. Chembe za maji huganda kwenye valvu ya upanuzi, huziba njia, kisha huyeyuka. Geji ya upande wa shinikizo dogo itaonyesha kushuka hadi chini ya sifuri kila ubaridi unapokatika. Dawa yake ni kubadilisha kikaushio na kuvuta hewa yote upya. Kuongeza gesi hakusaidii.

Klachi iliyolika nayo hufanana na hali hii. Asubuhi, ikiwa bado baridi, inanasa, lakini koili ikipata joto, nguvu yake ya sumaku hupungua na sahani huachia. Pima nafasi kwa geji ya unene. Inapaswa kuwa takriban nusu milimita, na kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Kwa kompresa nyingi nafasi hupunguzwa kwa kutoa washa nyembamba moja iliyo nyuma ya sahani, kazi inayowezekana bila kufungua mfumo wa gesi.

Dalili ya tano: ubaridi ni hafifu wakati wote

Kwanza hakikisha kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimebonyezwa. Kupoza hewa ya nje ya pwani yenye unyevunyevu mwingi ni kazi nzito kwa kiyoyozi kidogo cha Vitz, na gari lililoshinda juani linahitaji madirisha kufunguliwa dakika moja kabla. Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati ya dashibodi, uendeshe dakika 10. Siku ya nyuzi 32, kusoma nyuzi 12 au chini ni hali nzuri. Ukipata zaidi ya 15 ilhali filta, feni na kondensa ni safi, wakati wa kutumia geji umefika.

Geji husomwa injini ikizunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, feni ya ndani ikiwa kasi ya juu. Siku ya nyuzi 30 hadi 35, mfumo mzima wa R134a husoma takriban psi 25 hadi 45 upande wa bluu, yaani wa shinikizo dogo, na psi 180 hadi 250 upande wa nyekundu, yaani wa shinikizo kubwa. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au hewa imeingia, au kondensa haitoi joto, na ndiyo maana kondensa huchunguzwa kabla ya geji. Bluu ikiwa juu na nyekundu chini, kompresa imechoka. Bluu ikishuka chini ya sifuri, kuna kizuizi, kwa kawaida kwenye valvu ya upanuzi au kikaushio.

Nyekundu ikipita psi 350, zima AC na usiendelee.

Dalili ya sita: kelele

Mkwaruzo unaosikika hata AC ikiwa imezimwa ni beringi ya puli, na ukiachwa utakata mkanda. Mlio mkali wa sekunde chache AC inaponasa ni mkanda uliolegea au kulika. Kelele ya kugonga inayoanza na kuisha pamoja na klachi inatoka ndani ya kompresa. Zima AC na usiiwashe tena hadi fundi aione, maana kila dakika inasambaza vumbi la chuma hadi kwenye kondensa, ambayo mara nyingi haiwezi kusafishwa.

Dalili ya saba: harufu na maji

Harufu ya uvundo mara AC inapowashwa ni ukungu uliootea juu ya evaporeta yenye unyevu. Badilisha filta, tumia dawa ya povu ya kusafishia evaporeta kupitia nafasi ya filta, na jenga mazoea ya kuzima AC dakika chache kabla ya kufika huku feni ikiendelea kuikausha. Zulia la mbele likilowa, mrija wa kutolea maji umeziba. Uzibue kutoka chini ya gari kwa waya laini usio na ncha kali, bila kuusukuma kwa nguvu hadi kutoboa evaporeta. Maji yanayodondoka chini ya gari wakati AC inafanya kazi ni ya kawaida. Harufu tamu pamoja na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele inatokana na koolanti inayovuja kwenye hita, na haihusiani na kiyoyozi.

Kuvuja, na kujaza kwa haki

Oili husafiri na gesi, kwa hiyo mahali panapovuja huwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Anza na valvu ndogo ndani ya tundu za kujazia: ondoa kifuniko, weka povu la sabuni, tazama mapovu. Valvu hizo ni za bei ndogo na huvuja mara nyingi, na vifuniko vyake, ambavyo mafundi wengi huvipoteza, ni sehemu ya kuzuia uvujaji. Kisha kagua maungio ya paipu, uso wa kondensa uliopigwa na mawe, na sili ya mhimili wa kompresa. Mvujo mdogo hutafutwa kwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Evaporeta huchunguzwa mwisho, na dalili yake mojawapo ni rangi hiyo kuonekana kwenye maji yanayotoka mrijani.

Kufungua mfumo ili kubadilisha kipande kunahitaji gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine, na hii ni kazi ya gereji yenye mashine hiyo. R134a iliyoachiliwa hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi, na ni kwa sababu ya gesi za jamii hii kwamba mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Huo ni mkataba uliopewa jina la mji wetu wa Afrika Mashariki, na mimi naona ni wajibu kuuheshimu hata chini ya mwembe ambako fundi hana anayemtazama.

Baada ya matengenezo, pampu huvuta hewa na unyevu kwa dakika 30 au zaidi, kisha valvu za geji hufungwa na mshale huangaliwa kwa muda. Ukipanda, bado kuna tundu. Hapa mtu wa Nairobi asihangaike bure. Geji ya pwani itashuka karibu na inchi 29 za zebaki, lakini Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa yenyewe ni nyepesi, na pampu nzima itaishia kwenye 24 au 25.

Gesi hupimwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Magari madogo mengi huchukua kati ya gramu 350 na 500, hivyo kukosea kwa gramu 100 ni kosa kubwa. Mwenye kujaza nyumbani hutumia tundu la shinikizo dogo pekee, kopo likiwa wima ili itoke kama mvuke, na valvu nyekundu ikiwa imefungwa muda wote. Valvu hiyo ikifunguliwa injini ikiunguruma, shinikizo la kompresa hurudi ndani ya kopo na linaweza kulipasua.

Usikubali gesi ya kupikia, hata ukiambiwa inapoza zaidi. Inapoza kweli, lakini evaporeta ikivuja, gesi ya kulipuka hujaa mahali abiria walipo. Usikubali R22 ya viyoyozi vya nyumbani, wala dawa ya kuziba matundu, ambayo huganda ndani ya valvu na kuharibu mashine za mafundi. Jihadhari pia na kopo la bei isiyoaminika. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua watu baada ya kujazwa gesi bandia yenye R40, ambayo humenyuka na alumini na kutengeneza kitu kinachowaka kikikutana na hewa.

Magari ya mahuluti

Kompresa ya Aqua au Prius haina mkanda; inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, volti 144 kwa Aqua na zaidi ya 200 kwa Prius, kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Umeme huo unaua. Oili yake ni ya aina ya POE, kwa Toyota huitwa ND-11, isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ya PAG, hata ile iliyobaki ndani ya mipira ya geji au iliyochanganywa kwenye kopo la gesi, huharibu kinga ya koili na gari hutoa ishara ya hitilafu ya umeme. Mwenye gari la mahuluti aishie kwenye filta, mrija wa maji, kuosha kondensa na fyuzi za volti 12. Yaliyobaki ni ya fundi aliyefunzwa, ambaye kabla ya kumkabidhi gari unapaswa kumwuliza mambo mawili: kama ana ND-11, na kama geji atakazotumia hazijawahi kupitisha PAG.